Kutoka jeti hadi glasi: kuhifadhi maji ya chupa Lamu yasiharibike

Tarehe iliyopigwa shingoni mwa chupa ya maji ilihesabiwa kwa chupa iliyokaa mahali pakavu, kivulini, mbali na joto kali. Haikuhesabiwa kwa chupa iliyoshinda juani Mokowe, jeti ya upande wa bara, ikingoja mashua, ikavushwa imeegemea jerikeni la petroli, kisha ikapangwa chini ya mabati karibu na gunia la ng'onda, samaki wa kukausha. Ndiyo maana maji ya kiwanda kimoja, yaliyojazwa siku moja, yanaweza kuwa mazuri katika duka la Mkomani na yakanuka plastiki katika duka la Langoni.

Mnunuzi wa jumla akague alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya kulipa. Kwa alama ya KEBS, tuma ujumbe wa SM# ukifuatwa na nambari ya kibali kwenda 20023. Stempu isome kwa programu ya Soma Label. Hizo zitakuthibitishia maji yametoka wapi. Yalipitia wapi hadi kukufikia, hazijui, na humo ndimo madhara mengi hutokea.

Kinachoharibika ni nini

Maji ya chupa hayakukusudiwa kuwa maji yasiyo na kijidudu hata kimoja. Viwanda vingi huyapitisha kwenye ozoni au miale ya urujuanimno kabla ya kufunga. Ozoni hufanya kazi vizuri lakini haidumu: hurudi kuwa oksijeni ya kawaida, na baada ya saa chache imekwisha, upesi zaidi penye joto. Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini sawasawa hubaki na mlinzi ndani yake, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Maji ya chupa hayana mlinzi ila kifuniko. Bakteria wachache waliosalia huongezeka katika siku na wiki za mwanzo hata chupa ikiwa haijafunguliwa, na joto la pwani huwaharakisha. Kwa mtu mwenye afya bakteria hao kwa kawaida hawana neno. Kwa maziwa ya unga ya mtoto mchanga, au kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, maji ya chupa yachemshwe kama maji mengine yoyote.

Kisha kuna plastiki yenyewe. Chupa ndogo, na nyingi za lita 5 na 10, ni za aina ya plastiki iitwayo PET. Tazama nambari 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako. PET inapoyeyushwa ili itengenezwe chupa huzalisha kiasi kidogo cha asetaldehaidi, ambayo hubaki ndani ya plastiki na kuhamia majini polepole. Ina harufu tamutamu ya tunda lililoiva kupita kiasi, na ulimi huitambua kwa makumi machache tu ya mikrogramu kwa lita. Hiyo mara nyingi ndiyo "ladha ya plastiki" ambayo wateja hulalamikia. Kadiri chupa inavyopata joto, ndivyo inavyotoka kwa wingi.

PET pia ina antimoni, madini yanayotumika kuitengeneza, na hapa watu hutishana kupita kiasi. Utafiti uliofanywa Arizona na kuchapishwa 2008 ulipima ni siku ngapi zinahitajika ili antimoni majini ivuke mikrogramu 6 kwa lita, kikomo cha Marekani. Kwa nyuzi 60 za Selsiasi zilihitajika siku 176. Kwa nyuzi 80, siku 2.3. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 20. Kwa hiyo katoni iliyosahauliwa jetini mchana mmoja haijageuka sumu. Iliyokaa miezi chini ya bati, au ndani ya gari lililofungwa juani siku baada ya siku, ni habari nyingine, na ladha yake itakuonya kabla ya madini hayo.

Wapo watakaouliza: si tulifundishwa kuweka chupa juani ili maji yawe salama? Ni kweli. Maji maangavu yakitiwa katika chupa ya PET isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, yakalazwa kwenye jua kali kwa saa 6, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu, vijidudu vingi hufa. Hiyo ni dawa ya maji machafu, ya siku moja au mbili, na hunywewa upesi. Maji ambayo tayari ni safi hayapati faida yoyote juani. Huongezewa joto na mwanga tu, na mwanga ukipata mbegu chache za mwani na virutubisho kidogo huacha utando wa kijani kitakoni mwa chupa. Utando huo huonekana zaidi kwenye mitungi ya dispensa, mashine ya kutolea maji ya kunywa, iliyowekwa dirishani.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote: harufu. Watu hudhani plastiki iliyofungwa haipitishi kitu. PET huzuia harufu vizuri kuliko plastiki nyingi, lakini si ukuta wa chuma. Kifuniko ni cha plastiki ya aina nyingine, laini zaidi, na majerikeni ya polithini hupitisha mvuke kwa urahisi mkubwa. Petroli, mafuta ya taa, rangi, tina ya kuzimulia rangi, dawa ya mende, vidonge vya nafthalini, sabuni ya unga, udi, ng'onda: vyote hivyo hutoa mvuke, na pua ya binadamu huvitambua majini kwa kiasi kidogo mno. Harufu ikishaingia haitoki. Kuyapoza maji huificha tu, nayo hurudi yakipata joto mdomoni.

Mokowe, mashua, punda

Maji mengi ya Lamu hushuka Mokowe kwa lori na kuvuka kwa mashua. Saa hizi chache ndizo zenye hatari kubwa zaidi katika maisha ya chupa, na hakuna anayezihesabu kuwa ni uhifadhi.

Panga lori lifike asubuhi na mashua iwe tayari, bahari ikiwa imejaa. Mzigo ukilazimika kungoja, uingie kivulini, hata kama ni kivuli cha lori lenyewe. Turubai la rangi nyeupe au ya fedha linafaa, lakini liinuliwe kwa mbao au makasia ili hewa ipite kati yake na katoni. Nailoni nyeusi iliyolazwa moja kwa moja juu ya chupa ni tanuri, heri mzigo ukae wazi.

Ndani ya mashua kanuni ni moja: petroli tezini, yaani nyuma, maji omoni, yaani mbele. Kusiwe na jerikeni la mafuta linalogusa katoni, hata tupu, kwa maana jerikeni tupu la petroli lisilofungwa barabara hutoa mvuke mwingi. Chini ya katoni kuwe na mbao au chaga ili zisikalie maji ya ngama, yale yanayotuama tumboni mwa mashua. Maji hayo huwa na mafuta, chumvi na uchafu wa samaki, na chupa hupumua: mchana hewa iliyo ndani hutanuka, ikipoa hunywea. Kifuniko kilicholegea kidogo kikiwa kimelowa maji ya ngama, kitavuta ndani kile kilichokizunguka.

Kutoka jetini, mzigo wa punda. Shogi, kapu la mgongoni mwa punda, lililobeba saruji, chokaa au samadi asubuhi lisibebe maji mchana bila kuoshwa na kutandikwa gunia safi. Vumbi hukaa kwenye nyuzi za kifuniko, na mtu akifungua huanguka ndani au huishia mdomoni.

Unapopokea, usihesabu katoni tu. Toa chupa 3, moja ya juu, moja ya katikati na moja ya chini ya mzigo. Ziguse. Zikiwa za moto kuliko mkono wako, andika hivyo kwenye daftari pamoja na nambari ya toleo, uziuze kwanza. Zigeuze kichwa chini kwa dakika moja. Tone likitoka, kifuniko kimeachia. Nusa nailoni ya nje: ikinuka petroli, rudisha katoni hiyo pale pale kabla aliyeleta hajaondoka.

Chumba cha kuwekea

Lamu tuna bahati ambayo miji mingi haina. Nyumba ya mawe ya kale, yenye kuta nene za matumbawe na chokaa, hukaa na ubaridi mchana kutwa bila umeme. Chumba cha ndani cha chini, kisicho na dirisha la magharibi, ni ghala zuri la maji kuliko duka jipya la matofali lenye bati. Makuti nayo ni bora kuliko mabati. Daka la mbele, yaani ukumbi wa mlangoni, halifai, japo lina kivuli, kwa kuwa jua la pembeni hulifikia na vumbi la njia halikomi.

Usikisie joto. Nunua kipimajoto cha ukutani, ukitundike usawa wa katoni ya juu kabisa, si karibu na mlango, na ukisome saa nane mchana kwa siku 3 mfululizo. Fanya hivyo hasa wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi. Vitabu hutaka chini ya nyuzi 25, jambo ambalo pwani bila mashine ya ubaridi haliwezekani. Kipimo cha kufanyia kazi hapa ni hiki: chini ya nyuzi 30 chumba kinafaa, kati ya 30 na 35 usiweke mzigo zaidi ya mwezi mmoja, zaidi ya 35, tafuta chumba kingine, hata kama ni kidogo. Ikibidi kutumia chumba chenye mabati, weka dari ya makuti au ya mbao, acha nafasi ya hewa juu yake, na usipange katoni karibu na dari kuliko sentimita 60.

Ubaya wa nyumba ya mawe ni unyevu. Kuta za matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kutoa chumvi nyeupe, na katoni ya karatasi iliyoziegemea hulainika, huota ukungu, kisha rundo zima huinama. Weka chaga za mbao zenye kimo cha sentimita 10 au zaidi, na acha sentimita 30 kutoka ukutani. Nafasi hiyo ni ya hewa, ya ufagio, na ya macho yako: mavi ya panya huonekana hapo kwanza. Mbao za chaga ziwe kavu na zisiwe zimetiwa dawa ya mchwa, kwa sababu ile ile ya harufu.

Chumba cha maji kiwe cha maji. Mchele na sukari vinaweza kukaa humo. Sabuni, viungo, rangi, mafuta na samaki haviwezi, na pazia haligawi chumba. Duka likiwa dogo, lenye chumba kimoja, vitu vya harufu viwekwe upande ambao upepo huondokea dukani, mita 3 au zaidi kutoka kwa maji, na mafuta ya taa yakae nje kabisa.

Kupanga: katoni ya chupa 24 za nusu lita ina uzito wa kilo 12 na ushei. Kama kiwanda hakikuandika kimo, usizidishe tabaka 5, uzipishanishe kama matofali. Tazama chupa za chini. Zikianza kubonyea au kuinama, punguza tabaka. Chupa iliyobonyea shingo hulegeza kifuniko, na maji yake hayana tena kinga pekee yaliyokuwa nayo.

Iliyoingia kwanza itoke kwanza. Andika tarehe ya kupokea kwenye kipande cha karatasi na ukifunge kwenye katoni. Usiandike juu ya chupa kwa kalamu ya wino mzito, wino wake wenyewe una kemikali yenye harufu. Mzigo mpya uwekwe nyuma, hata kama hamali amechoka na anataka kuutupa mbele. Nunua wa wiki 2 au 3. Isipokuwa masika inapokaribia: Mto Tana ukifurika barabara ya Garsen hukatwa, na hapo kila mmoja hujaza ghala. Shida huja baadaye, barabara ikifunguka, mzigo mpya ukauzwa kwanza na wa akiba ukaachwa kona hadi kaskazi. Siku barabara inapofunguka, hamisha akiba yote mbele.

Mitungi ya dispensa

Mtungi wa lita 18.9 unaorudishwa na kujazwa tena kwa kawaida ni wa polikaboneti, nambari 7. Plastiki hii hutoa kiasi kidogo cha kemikali iitwayo BPA, na huzidi mtungi ukioshwa kwa maji ya moto sana na sabuni kali, au ukiwa na mikwaruzo mingi ndani. Basi usisugue kwa mchanga wala kwa waya wa sufuria. Mtungi uliofifia, wenye nyufa kama utando wa buibui au mikwaruzo isiyohesabika, ukatae.

Mitungi mitupu inahitaji uangalifu zaidi kuliko iliyojaa. Ufungwe mdomo, ukae kivulini, usitiwe kitu kingine. Wapo wanaoweka mafuta ya taa ndani yake halafu wakaurudisha dukani umeoshwa. Sabuni haiutakasi, kwa sababu mafuta yameshaingia ndani ya plastiki yenyewe. Kila mtungi unaorudi unuswe: fungua, weka pua mdomoni mwake, bonyeza ubavu mara mbili hewa itoke. Ukiwa na shaka, funga uukalishe juani kwa saa moja, unuse tena. Hiyo ndiyo kazi pekee ya jua katika biashara hii.

Iliyojaa isimame wima kwenye rafu. Usiilaze mmoja juu ya mwingine pasipo kishikio, na usiiweke dirishani.

Dispensa yenyewe ndiyo inayochafua maji safi katika nyumba nyingi za wageni. Kila mtungi unapobadilishwa, hewa ya chumba na vidole vya anayebadilisha huingia tangini. Futa shingo ya mtungi kwa kitambaa safi kilichotiwa dawa kabla ya kuubandua kifuniko, na kila baada ya miezi 3, au wiki 6 penye wageni wengi, safisha hivi:

1. Zima na chomoa waya. Subiri upande wa moto upoe, kisha mwaga maji yote kupitia mabomba na tundu la nyuma.
2. Changanya lita 5 za maji na mililita 30, yaani vijiko 2 vya chakula, vya jiki (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5. Hapo unapata takriban miligramu 200 za klorini kwa lita. Jiki nayo huisha nguvu kwenye joto, kwa hiyo chupa iliyokaa mwaka mzima jikoni usiitegemee.
3. Jaza tangi, sugua kuta zake kwa brashi laini, pitisha kidogo katika kila bomba. Acha dakika 5 hadi 10. Usizidishe, klorini hula chuma cha ndani.
4. Mwaga, suuza kwa maji safi mara 4, kila mara ukipitisha bombani. Harufu ya klorini ikibaki, suuza tena.
5. Osha sinia la matone na midomo ya mabomba, ambako watu hugusisha chupa zao.

Ikishafunguliwa

Chupa iliyonywewa kwa mdomo imepokea mate, na mate ni chakula cha bakteria. Imalizwe siku hiyo hiyo. Iliyomiminwa glasini, ikafungwa na kuwekwa frijini, siku 2 au 3 si vibaya. Mtungi wa dispensa uishe ndani ya wiki moja. Ikipita wiki 2, umwage. Nyumba ya watu wawili isinunue lita 18.9 kwa sababu ya bei peke yake.

Friji hupunguza kasi ya vijidudu, haiviui, na barafu pia haiviui. Vipande vyeupe vinavyoonekana maji yakiyeyuka kutoka barafu ni madini, havina dhara.

Kupima bila maabara

Kipimo cha TDS ambacho wauzaji hupenda kuonyesha hupima chumvi zilizoyeyuka. Kuhusu harufu, plastiki au vijidudu hakikwambii lolote. Pua ni chombo bora zaidi ikitumiwa kwa utaratibu. Chukua glasi 2 zilizooshwa kwa sabuni isiyo na manukato. Moja tia nusu ya maji unayoyashuku, ya pili maji ya mzigo mpya wa chapa ile ile, yote yasiyo baridi. Zifunike kwa visahani dakika 10, zitikise, funua na unuse moja baada ya nyingine. Mwambie mtu mwingine anuse bila kumwambia ipi ni ipi. Anayefanya kazi hii asiwe amevuta sigara, amejifukiza udi au ametoka kula kitunguu.

Harufu tamu ya tunda ni joto: maji yauzwe upesi kwa matumizi ya kupikia au yafulie nguo, na chumba kichunguzwe. Petroli, mafuta ya taa, rangi au dawa: mwaga, usichemshe ukidhani yatapona, kwa maana mvuke wake utaujaza jiko na mabaki yatabaki sufuriani. Kijani au ute kitakoni: mwaga pia. Chembe zinazoelea, zitazame mbele ya kitambaa cheusi kwenye mwanga. Zikiwa katika chupa nyingi za toleo moja, kosa huenda ni la kiwanda. Hapo weka chupa 2 zisizofunguliwa za toleo hilo mahali penye ubaridi na giza, na daftari lako la kupokea mzigo karibu nazo, kisha ndipo umwite aliyekuuzia. Chupa iliyofunguliwa haithibitishi kitu, na iliyokaa juani ikikungoja atasema uliiharibu wewe.